Saintpaulia ya Usambara: kuiotesha nyumbani kwa jani moja, bila kuigusa ya msituni

Maswali ninayoulizwa kuhusu Saintpaulia ni yaleyale matatu. "Ua langu limeoza katikati, nifanyeje?" "Majani yamepata mabaka, ni ugonjwa gani?" "Mwaka wa pili huu, majani tu, mbona halichanui?" Nimemjibu kila mtu peke yake kwa muda mrefu, sasa nayaweka yote mahali pamoja, tangu jani linapokatwa mpaka ua linapofunguka.

Mmea wenyewe ni Saintpaulia: mfupi, majani yake yana manyoya laini na yamejipanga duara kama sahani, maua ni ya zambarau au buluu yenye vifuko viwili vya manjano katikati. Madukani Ulaya na Marekani unaitwa urujuani wa Afrika, na Wajerumani wanauita urujuani wa Usambara. Si urujuani, ni wa ukoo mwingine kabisa. Lakini hilo la Usambara wamelipatia, maana kwao ni huku kwetu mkoani Tanga. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga enzi za utawala wa Wajerumani, alipeleka mbegu zake kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, akaupa jina la Saintpaulia ionantha. Tangu 2015 wataalamu wameuhamishia kwenye jenasi (kundi la mimea ya jamii moja) ya Streptocarpus, ila sisi tunaoupanda bado tunasema Saintpaulia, nami nitasema hivyohivyo.

Anza kwa kujua mmea unakoishi

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu karibu kila kosa la nyumbani linatokana na kutojua jambo hili: Saintpaulia ni mmea wa mwamba, si wa shamba. Ukipanda kutoka Sigi kwenda Amani, Usambara Mashariki, usiitafute kwenye udongo mwekundu unaootesha migomba na mihiliki. Itafute kwenye majabali ya kando ya vijito, chini ya miti mikubwa, ikiwa imejibana kwenye ufa au imeshikilia ukuta wa jiwe. Mizizi yake ni mifupi na myembamba. Inakaa ndani ya mboji kidogo tu, ile inayotokana na majani yaliyooza yakanasa juu ya jiwe, pamoja na ile mimea midogo ya kijani inayotanda kama zulia juu ya mawe mabichi. Mvua ikinyesha, maji yanateremka na kupita. Hayatuami. Jua halifiki pale ila kwa vipande vidogo vinavyopenya kwenye majani ya miti. Hewa ina unyevu asubuhi mpaka jioni.

Ndugu zake wametawanyika kwenye milima yetu ya zamani: wapo Uluguru, yupo wa Shume kule Usambara Magharibi, yupo wa Mbololo katika vilima vya Taita nchini Kenya, na yupo wa miamba ya Cha Simba karibu na Kaloleni, kaunti ya Kilifi. Wengine wanaishi kwenye mawe ya chokaa ya nyanda za chini za Tanga na wamezoea joto. Wengine wanataka baridi ya mlimani. Baadhi yao wana kilima kimoja tu duniani.

Kwa hiyo sikiliza kabla hatujafika kwenye vyungu: usiing'oe msituni. Ukikata miti ya juu tu, jua linaupiga mwamba, ile mboji nyembamba inakauka, na mimea inakufa hata kama hakuna mkono ulioigusa. Ukiongeza na wang'oaji, jabali zima linabaki tupu. Tena hupati faida yoyote. Hizi za vitaluni zimechaguliwa na kuchanganywa kwa zaidi ya miaka mia moja ili zichanue mara kwa mara ndani ya nyumba, na ya msituni haitakupa maua ya namna hiyo. Jani moja kutoka kwa jirani linatosha kabisa.

Vitu vya kuwa navyo

Jani moja zima lenye kikonyo chake. Vikopo vitatu au vinne vya mtindi, vilivyotobolewa chini. Wembe mpya. Chupa ya maji ya plastiki ya lita moja na nusu, iliyokatwa katikati. Uzi wa nailoni au wa sufi ya viwandani, wa kutengenezea utambi (uzi wa pamba unaoza, usiutumie). Mbolea ya NPK (naitrojeni, fosforasi na potasiamu) ile ya kuyeyusha kwenye maji, yenye namba tatu zinazokaribiana.

Kisha vya kuchanganyia udongo: vumbi la makumbi ya nazi, mboji iliyokomaa na kupepetwa, mkaa uliopondwa vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, na mchanga wa mtoni. Mchanga wa pwani hapana. Hata makumbi yaangalie: usumba uliofukiwa baharini kwa ajili ya kusokota kamba umebeba chumvi nyingi, na chumvi inaunguza mizizi hii haraka kuliko jua. Ukiishi bara na makumbi hupati, ongeza mboji ya majani na mkaa.

Hatua kwa hatua

1. Tengeneza udongo mwepesi. Loweka vumbi la makumbi usiku kucha, likamue, rudia mara tatu kwa maji mapya. Changanya sehemu mbili za makumbi, moja ya mboji, na moja ya mkaa na mchanga kwa pamoja. Mwagia maji yanayochemka ili kuua kuvu na mayai ya wadudu, uache upoe na ujichuje. Kisha fumbata konzi moja na ufungue kiganja: udongo mzuri unaachana wenyewe. Ukibaki donge, ongeza mkaa.

Kosa kubwa kuliko yote liko hapa. Watu wanachukua udongo wa bustanini, wanautia samadi, wanasema "nimeupa chakula". Mimi mche wangu wa kwanza niliupanda hivyo, kwenye udongo mwekundu mzuri uliostawisha mchicha wangu, nikaumwagilia kila asubuhi kwa upendo wote. Ulikufa ndani ya wiki sita. Nilipoufukua sikukuta mzizi hata mmoja uliokuwa mzima.

2. Chagua jani na ulikate. Usichukue la nje kabisa, limezeeka. Usichukue la katikati, ni changa na utaharibu mche wa mwenzio. Chukua la mstari wa pili au wa tatu kutoka nje, gumu kidogo, lisilo na doa. Punguza kikonyo kibaki sentimita tatu hivi, ukikate mshazari kwa wembe, upande uliokatwa ukitazama juu. Mshazari huo unaongeza nafasi ya kutoa mizizi, na watoto wanatokeza upande wa mbele wa jani unapoweza kuwaona. Jani likiwa kubwa sana, kata theluthi yake ya juu. Litatumia nguvu kuzaa badala ya kukua.

Kama jani linasafiri, tuseme umepewa Lushoto nawe unakaa Dar es Salaam, lifunge kwa karatasi yenye unyevu kidogo na uliweke ndani ya kikopo. Linavumilia siku kadhaa. Likifika limelegea, liloweke kwenye maji ya uvuguvugu kwa saa moja.

3. Panda kina kifupi. Toboa shimo la sentimita moja na nusu, lisizidi. Ingiza kikonyo kikiwa kimeinama, bana udongo kidogo kwa kidole. Jani lenyewe lisiguse udongo. Ukizika kikonyo chote, watoto watachelewa kutoka au wataoza chini.

4. Funika na usubiri. Weka nusu ya chupa juu ya kikopo, kifuniko kikiwa kimefunguliwa ili joto litoke. Kiweke mbali na jua. Sasa una msitu mdogo: hewa yenye unyevu, udongo ulioloa kidogo, kivuli. Mizizi inahitaji wiki tatu mpaka nne. Majani madogo yanatokeza baada ya miezi miwili hivi, wakati mwingine zaidi. Usilivute jani kuona kama limeshika! Kila ukilivuta unakata nywele za mizizi zilizoanza, na unaanza kuhesabu upya. Jani likiendelea kuwa gumu na la kijani, kazi inaendelea chini.

5. Tenganisha watoto. Kikonyo kimoja kinaweza kutoa watoto watatu, wanne, hata zaidi. Subiri majani yao yafikie ukubwa wa sarafu. Toa bonge lote, liachanishe taratibu kwa kijiti, kila mtoto na mizizi yake, umpande kwenye kikopo chake. Warudishie chupa kwa wiki moja, kisha uiondoe kidogokidogo. Jani mama likiwa bado zima, lipande tena. Mengi yanazaa mara ya pili.

Usikubali watoto wote wakae chungu kimoja kwa sababu "wamejaa vizuri". Watabanana, na hutaona ua.

6. Watafutie dirisha. Mwanga mwingi bila jua kali, ndiyo kanuni. Dirisha la mashariki linalopata jua la saa moja mpaka saa tatu asubuhi ni zuri. La magharibi litaunguza majani.

Maelekezo mengi yaliyoandikwa Ulaya yanataja dirisha la kaskazini au la kusini, nayo yanawapoteza watu wetu. Tanga iko nyuzi 5 kusini ya ikweta. Jua linatuegemea upande wa kaskazini kati ya Aprili na Septemba, na upande wa kusini kati ya Novemba na Februari. Kwa hiyo dirisha lililokuwa na kivuli Julai linaweza kuwa na jua Desemba. Geuza mahali kufuatana na msimu, au tundika pazia jepesi jeupe. Weka mkono wako juu ya majani saa sita mchana: kivuli cha mkono kikiwa hafifu, panafaa, kikiwa cheusi chenye ukingo mkali, jua limezidi.

Joto linalopendwa ni nyuzi 18 mpaka 24 za Selsiasi. Ukiwa pwani, Januari na Februari ushushe mmea sakafuni karibu na mtungi wa maji, ambako pana ubaridi, kwa kuwa joto la ndani ya nyumba hupanda juu. Ukiwa Lushoto au Nairobi, Juni na Julai uusogeze mbali na kioo usiku. Dodoma shida ni ukavu: uweke juu ya sinia la kokoto zilizoloweshwa maji, chungu kikae juu ya kokoto, si ndani ya maji. Ndugu walio Ulaya, adui yenu ni giza la kipupwe na joto kavu la hita. Taa ya kawaida inayowaka saa kumi na mbili kwa siku inasaidia sana, kisha izimwe usiku, maana mmea nao unahitaji giza.

7. Mnyweshe kutoka chini. Usimwagie maji katikati ya majani. Manyoya yanashika matone, matone yanakaa kwenye kitovu cha mmea, na kitovu kinaoza. Weka chungu kwenye kisahani chenye maji kwa dakika 20 mpaka 30, kisha mwaga yaliyobaki. Rudia udongo wa juu ukikauka unapougusa. Huenda ni baada ya siku nne, huenda ni nane. Usifuate kalenda, fuata kidole.

Maji yawe ya uvuguvugu wa chumbani. Ya mvua ni bora. Kama bomba au kisima chenu kina chumvi, kinga mvua za masika na vuli kwenye madumu na uyahifadhi kwa ajili ya maua.

Anayesafiri mara kwa mara atumie utambi, kama ule wa koroboi ila hapa unapandisha maji badala ya mafuta. Pitisha uzi kwenye tundu la chini la chungu, upande mmoja uingie kwenye udongo, mwingine uning'inie ndani ya kopo la maji lililofunikwa, chungu kikae juu yake. Udongo unajinywea wenyewe kwa wiki nzima au zaidi. Onyo: njia hii inataka udongo mwepesi wa hatua ya kwanza. Ukiufunga utambi kwenye udongo mzito, utaulowesha mpaka mizizi ikose hewa.

Mara moja kwa mwezi mimina maji mengi kutoka juu, pembeni mwa chungu, yatoke chini. Hayo yanasafisha chumvi za mbolea, kama mvua inavyouosha mwamba.

8. Mlishe kidogo. Anza baada ya mtoto kupata majani sita hivi. Yeyusha mbolea kwa robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, umpe kila wiki mbili, udongo ukiwa na unyevu tayari. Yurea usiitumie. Mmea unaoishi kwa vijani vilivyooza juu ya jiwe hauhitaji karamu.

9. Mwache abanwe. Tangu kukata jani mpaka ua la kwanza, tarajia miezi sita mpaka tisa, kwa wengine mwaka. Chungu kiwe na upana wa theluthi moja ya upana wa mmea: majani yakitanda sentimita 30, chungu cha sentimita 10 kinatosha. Kikubwa zaidi kinabaki na udongo mbichi usio na mizizi, na uozo unaanzia hapo. Ng'oa vichipukizi vinavyojitokeza kwenye makwapa ya majani, ili mmea ubaki na kitovu kimoja. Kata maua yaliyonyauka na majani ya chini yaliyochakaa. Badilisha udongo kila baada ya miezi sita mpaka kumi na miwili, hata kama chungu ni kilekile.

Mambo yakienda kombo

*Majani yamelegea na udongo umeloa.* Mizizi imeoza. Usiongeze maji. Toa mmea, kata shina mpaka ufikie sehemu ngumu ya kijani isiyo na wekundu wala weusi, bakiza majani machache ya katikati, upande upya kama jani na uufunike kwa chupa. Ukikuta uozo umepanda mpaka kitovuni, okoa jani moja zima uanze hatua ya pili.

*Mabaka na michirizi meupe au ya manjano juu ya majani.* Si ugonjwa. Ni maji baridi yaliyoligusa jani lenye joto. Mabaka hayafutiki, subiri majani mapya.

*Majani yamesimama na vikonyo vimerefuka.* Giza. Sogeza karibu na dirisha kwa hatua, siku chache chache.

*Majani yamejikunja chini, magumu, rangi imefifia.* Mwanga umezidi.

*Majani mazuri, maua hakuna.* Kwanza mwanga, kwa kuwa mara nyingi ndio sababu. Pili chungu kikubwa mno. Tatu vichipukizi vingi. Nne mbolea yenye naitrojeni nyingi. Angalia kwa mpangilio huo, ubadilishe kimoja kwa wakati mmoja.

*Vitu vyeupe kama pamba kwenye vikonyo.* Ni wadudu wafyonzaji, na mara nyingi sisimizi ndio wanaowaleta. Wapanguse mmoja mmoja kwa pamba iliyochovywa spiriti, rudia kila siku tano, na utenge mmea huo. Ukizuia sisimizi kwa kuweka chungu juu ya sahani ya maji, nusu ya kazi umeimaliza.

*Vumbi la manjano limemwagika juu ya petali.* Vithiripi, wadudu wadogo sana, wanapasua vifuko vya chavua. Toa maua yote na vitumba vyote kwa wiki sita, wakose chakula.

*Unga mweupe juu ya majani.* Ubwiri unga, yaani ugonjwa wa kuvu, unaotokana na hewa iliyotuama. Fungua dirisha, achanisha vyungu, ondoa majani yaliyoathirika.

*Shina limerefuka kama shingo, majani yako juu.* Umri tu. Toa mmea, kwangua shingo taratibu kwa kisu butu, kata sehemu ya chini ya bonge la mizizi kwa urefu uleule wa shingo, kisha urudishe chunguni ukishuka mpaka majani yaguse ukingo. Shingo iliyofukiwa itatoa mizizi mipya.

Ukitaka kuiona kwao

Nenda Muheza, kisha Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997. Epuka kilele cha masika, kati ya Machi na Mei, barabara inateleza. Lipa ada ya kuingia, chukua kiongozi mwenyeji, umwambie kabisa kwamba umekuja kutazama Saintpaulia, kwa sababu bila yeye utazipita. Vaa viatu vinavyoshika, lakini usikanyage uso wa jabali wala kujishikiza kwenye ile mboji yenye zulia la mimea ya kijani: inabanduka kama ngozi, na ndiyo udongo wote ambao Saintpaulia inao.

Ukiikuta imechanua, chuchumaa uangalie kijiti chembamba kinachochomoza karibu na vile vifuko vya manjano. Kwenye ua moja kimepinda kushoto, kwenye jingine kulia. Ukirudi nyumbani litazame lile la dirishani kwako; nalo lina alama hiyohiyo.